Uzinduzi wa Programu Huria ya Kusoma Mwanga wa Nyota, Saa Sita Mchana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini ametuletea koti lake, nalo limeketi hapa mbele kwenye kiti cha kuzunguka. Mheshimiwa Mlezi wa Koti. Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi, Wasaidizi wa Wakurugenzi Wasaidizi, na wote wanaokaimu nafasi za watu ambao nao wanakaimu. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Mke wangu mpendwa, uliyekubali kuja baada ya mazungumzo marefu. Mafundi, makarani, walinzi na wanafunzi mlioletwa kwa mstari. Mabibi na mabwana. Na wewe shemeji, ambaye naona umeshanyoosha mkono hata mate sijameza. Kama kuna mtu ana cheo na sijamtaja, ajitaje kimoyomoyo, nami nimeshaitikia. (Makofi. Koti lateleza kidogo, Mlezi alirekebisha.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Vitu vya Juu, nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kuliko wote humu ndani, na hilo lilithibitishwa na utafiti tulioufanya wenyewe mwaka jana, ambapo asilimia mia moja na kumi na nne ya watumishi walioulizwa mbele yangu walisema hawajawahi kuona unyenyekevu wa namna hii. (Makofi ya safu ya kwanza. Mke wa Mkurugenzi ajipepea kwa ratiba.)

Siku ya leo ni ya kihistoria. Tazameni ukumbi wenu. Ni ukumbi huu huu wa siku zote, wenye dirisha moja lisilofungika na feni moja isiyofunguka, lakini leo umependeza mpaka unajisikia aibu kuvaa viatu vya jana. Juu ya vichwa vyenu, kwenye kamba tano kutoka ukuta hadi ukuta, vinaning'inia vibendera virefu vya rangi zote, nyekundu ikiingia kwenye chungwa, chungwa kwenye njano, mpaka zambarau. Na hapa jukwaani mnaziona kompyuta kumi na mbili mpya, zimepangwa sawasawa kama meno ya mtoto wa tajiri. Umeme umekatika tangu juzi, kila mtu analalamika, friji za watu zimekuwa makabati, lakini kompyuta zetu, mabibi na mabwana, hazijatetereka hata kidogo. (Makofi. Seremala, aliyeketi karibu na mlango, atazama chini.)

Sasa niwaeleze kwa lugha nyepesi, maana si wote mmepata bahati ya kuhudhuria wokishopu nilizohudhuria mimi. Nyota ina mwanga. Mwanga huo ukiupitisha kwenye kioo maalumu kilichomo ndani ya darubini, unachanuka na kuwa utepe wa rangi, mithili ya upinde wa mvua ulionyooshwa. Ukiutazama utepe huo, nyota inakuambia imeumbwa na nini. Kisha kuna kazi ya pili, ya kupima nyota inang'aa kiasi gani, na kama leo imefifia kuliko jana. Kazi zote hizo mbili wenzetu duniani wanazifanya kwa programu huria, yaani programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuichukua, kuisoma ndani, kuirekebisha na kumpa jirani. Ndipo Idara yangu ikasema, na sisi hatuwezi kubaki nyuma kwenye jambo la kuwa mbele, tukaanzisha Mradi Jumuishi wa Programu Huria ya Mwanga, tukaandaa fremuweki, tukaandaa rodimapu ya kuifikia fremuweki, na tukaenda ziara tatu za kujifunza, ambazo moja ilikuwa ya kujifunza namna ya kwenda ziara.

Nakiri nilishtuka nilipoambiwa maana ya huria. Nilimuita Fundi Kompyuta, yule bwana mpole mwenye miwani aliyeajiriwa kuiandika programu, nikamwuliza kama ni kweli mtu yeyote, hata asiye na kitambulisho, ataweza kuisoma. Akasema ndiyo, na ndiyo uzuri wake. Nikamwambia uzuri bila ulinzi ni uzembe. Kwa hiyo nilielekeza kwamba programu yetu huria ihifadhiwe kwenye kabati la chuma lenye funguo tatu, zinazoshikwa na maofisa watatu wasioelewana, na mwananchi yeyote anayetaka kuitumia kwa uhuru atajaza fomu kwa nakala nne. Mpaka leo, mabibi na mabwana, hakuna hata kosa moja lililoripotiwa katika programu ile. Hakuna. Niambieni ni nchi gani nyingine imefika hapo. (Makofi. Fundi Kompyuta avua miwani, aifuta, airudisha.)

Shemeji, nimeuona mkono. Utapewa nafasi.

Kwa faida ya wageni, huyu mama aliyenyoosha mkono safu ya tatu ndiye mnayemwita Mama Darubini. Ni mtazamaji wetu mkuu wa nyota, na ni dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo nikimsifia mtasema undugu na nikimkemea nitalala sebuleni. (Kicheko. Mke wa Mkurugenzi hacheki.) Lakini lazima niseme ukweli. Mama huyu ameitazama nyota moja kwa miaka kumi na tisa. Nyota moja tu, nyingine zote zipo na hazina mwenyewe. Kila mwezi akapiga picha moja ya mwanga wake, akaitoa kwenye karatasi, jumla picha mia mbili ishirini na nane. Anasema nyota hiyo hufifia kila baada ya miaka tisa, kisha hurudi. Ilififia mwaka wake wa kwanza kazini, ikafifia mwaka wa kumi, na mwezi huu, anadai, imeanza kufifia mara ya tatu. Anasema akiziweka picha za mara zile mbili pembeni ya picha za safari hii, atajua nyota inafichwa na kitu kinachoizunguka au inaugua yenyewe, na kwamba hakuna mtu mwingine popote mwenye picha hizo. Ijumaa hii anastaafu. Ndiyo maana ana haraka, na mimi nimekuwa nikimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka.

Basi miaka miwili iliyopita mashine yake ya zamani ikaungua na kila kilichokuwamo, zikabaki karatasi peke yake. Tukamwandikia barua rasmi kwamba azilete ofisini kwangu, halisi na si nakala kwa mujibu wa waraka, ili ziingizwe kwenye programu yetu. Akazileta mwenyewe ndani ya sanduku, kazifunga kwa uzi, mwezi kwa mwezi, na kila picha mpya aliyoniletea tangu hapo nimeitia humo humo. Akaniambia, mbele ya mke wangu na chai mezani, maneno ambayo sikuyasahau: "Shemeji, hapa ndani kuna miaka yangu yote. Usiiweke mahali penye maji." Nikamhakikishia. Na leo natamka hadharani kwamba sanduku lile halijaguswa na tone la maji. (Makofi. Mkono wa Mama Darubini bado uko juu. Auegemeza kwa mkono wa pili.)

Tangu hapo amekuja ofisini kwangu mara arobaini na moja kuuliza karatasi zake ziko wapi. Arobaini na moja! Katibu wangu amezihesabu, na tumeziingiza kwenye ripoti ya mwaka kama ongezeko la wananchi wanaotembelea Idara. Kila akija namwambia ziko kwenye mchakato, naye anauliza mchakato uko chumba gani. Jamani, ndiyo maana nasema usomi bila subira ni mzigo.

Maana si kwamba tulilala. Tulifanya vikao ishirini na sita. Tukaanza na masaa ya kazi, kwa sababu nilikuta watazamaji wa nyota wanaingia kazini watu wakiwa wamelala, jambo linaloharibu nidhamu na linalofanya ndugu wengi waulizane mtu yuko wapi. Nikaelekeza kwamba nyota zitazamwe saa za ofisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wakapinga. Nikawaambia wahenga hawakuwa wajinga waliposema nyota njema huonekana asubuhi, na kama nyota yako haionekani asubuhi, basi tatizo ni la nyota. Tangu agizo hilo, matumizi ya darubini yamekuwa tulivu sana, ukimwacha shemeji, anayerudi usiku kwa muda wake mwenyewe. (Kicheko cha nyuma. Mlinzi aangalia nyuma. Kicheko chageuka kikohozi.)

Tukaja kwenye suala la kufifia. Sikuweza kukubali kitu kilichoko juu ya eneo letu kifanye mabadiliko bila taarifa. Niliunda kamati ya watu kumi na wanne, wakakaa siku mbili, wakala, wakaangalia picha, wakapiga kura, na kwa kura kumi na moja dhidi ya tatu nyota ile ilitangazwa kuwa inang'aa kwa kiwango cha kuridhisha. Huo ndio ushirikishwaji wa wadau. Mama Darubini akasema nyota haipigiwi kura. Nikamwambia, shemeji, kila mtu akisema asipigiwe kura, sisi tutafanya kazi gani?

Halafu kuna jambo lililonikera mimi binafsi, na nitalisema ingawa najua nitaudhi watu. Siku nilipoonyeshwa picha ya kwanza ya mwanga wa nyota, utepe mzuri wa rangi, nilikuta umejaa mistari myeusi. Mwembamba hapa, mnene pale, mingine miwili miwili, kama mtu amekwaruza kwa msumari. Nikauliza huu uchafu ni wa nini. Mama Darubini akanijibu, tena kwa upole wa mtu anayemsomea mtoto, kwamba mistari hiyo ndiyo habari yenyewe, kwamba kila mstari ni alama ya kitu kilichomo kwenye nyota, na kwamba bila mistari zile ni rangi tu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mimi ni msikivu. Kisha nikaandika waraka kwamba hakuna karatasi ya Idara yangu itakayoonekana mbele ya wageni ikiwa na mikwaruzo. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nina macho. (Makofi machache. Fundi Kompyuta ainua uso, atazama vibendera juu yake. Avua miwani tena. Aivaa. Atazama.)

Fundi, huku mbele ndiko kwenye hotuba.

Na kwa kuwa nimekutaja, nikusifie. Fundi Kompyuta alikuja kwetu akiwa na tamaa ya kuandika programu siku ya kwanza tu, bila hata kutambulishwa. Tukamtuliza. Tukampa kazi ya kuandika mihtasari ya vikao ishirini na sita, ambayo jumla ni kurasa mia tisa na nne, zote zimegongwa mhuri. Alipouliza ni lini ataanza programu yenyewe, nilimwambia kwamba kurasa mia tisa na nne za maandishi ni nyingi kuliko programu nyingi duniani. Akarudi kugonga mihuri. (Fundi Kompyuta amenyanyuka. Amsogelea Mama Darubini, ainama, amnong'oneza. Mkono wa Mama Darubini washuka taratibu.)

Ahsante, shemeji. Nilijua hotuba ikifika mahali pazuri utaridhika. Mtu akishiba maneno hushusha mkono mwenyewe.

Mabibi na mabwana, nielekee mwisho kwa shukrani, maana mcheza kwao hutunzwa, na mimi sina choyo. Kwanza namshukuru seremala wetu, simama baba wakuone, aliyetengeneza kompyuta zote kumi na mbili kwa siku nne tu, kwa mbao kavu, zenye kona za mviringo ili zisimuumize mtumiaji, na ndiyo maana nilisema umeme hauzibabaishi. Namshukuru mchoraji wa mabango, aliyeichora programu yetu kwenye vioo vya kompyuta hizo kumi na mbili, na mkisogea mtaona amechora hata kile kishale kidogo, kimeelekezwa panapotakiwa kubonyezwa. Nawashukuru maofisa watatu wanaolinda lile kabati, ingawa ndani yake kwa sasa pana nafasi ya kutosha sana, kwa kuwa programu itaanza kuandikwa mara tu kamati ya kuchagua jina lake itakapopata jina lake yenyewe. Mradi umekamilika kwa asilimia tisini na saba, mabibi na mabwana. Asilimia tatu zilizobaki ni kuwepo kwake. (Mlezi wa Koti apiga makofi peke yake, aacha.)

Na sijaisahau Kamati ya Mapambo. Hawa walikosa vitambaa. Duka limefungwa, wageni wako njiani, mtu mwingine angelia. Wao wakaingia ofisini kwangu, nyuma ya kabati, wakafungua sanduku moja kuukuu, wakakuta karatasi ndefu za rangi zote, nzuri, zimefungwa kwa uzi, kila moja nyuma ina tarehe kwa kalamu ya risasi. Wakaniuliza. Nikasema zitundikeni, ila kwa mujibu wa waraka mikwaruzo ipakwe rangi kwanza. Mchoraji kakesha anazipaka. Na sasa mnaviona hapo juu, vibendera mia mbili ishirini na vinane, bila mkwaruzo hata mmoja, na bila tone la maji.

(Mama Darubini asimama.)

Naam, shemeji, simama. Simameni wote, msione haya, mimi ni mtu wa watu. Naona na Fundi anasimama. Naona amesimama juu ya kiti, furaha hiyo! Taratibu na kiti, ni mali ya Idara. Mke wangu naye. Mke wangu, mbona unavua viatu? Mbona na wewe juu ya kiti? Jamani, shangilieni kwa mikono, msishike mapambo. Mlinzi! Mlinzi, nimekuita uwazuie, sikukuita uwashikie ngazi. (Kamba ya kwanza yashuka. Watu wapokezana karatasi kutoka safu ya nyuma hadi safu ya tatu. Wanafunzi wasoma tarehe kwa sauti. Seremala aleta kompyuta moja, ailaza chali, yawa meza.)

Sasa huo ni uharibifu wa mitambo. Katibu, andika majina. Katibu? Naona Katibu naye ameshika mwezi wa tatu wa mwaka wa kumi.

Sawa. Nasema sawa. Kama mmeguswa kiasi hicho, kila mtu achukue kibendera kimoja cha kumbukumbu. Lakini mnampa huyo mama vyote, hamuoni ni ubinafsi? Shemeji, unakwenda wapi na hiyo? Hapo dirishani pana jua kali, utaichuja rangi. (Mama Darubini asimama mbele ya dirisha lisilofungika. Ainua karatasi moja kwa mikono miwili, aielekeza kwenye mwanga wa jua. Kisha asema, si kwa sauti kubwa: "Ipo. Mistari yote ipo.")

Ipo? Haiwezekani. Hebu geuza huku. Mchoraji! Njoo hapa mbele. Si ulisema umepaka mara mbili? Mbona mwanga ukipita nyuma yake naona ule mwembamba, na ule mnene, na ile miwili miwili? Naona kila kitu! Bwana wewe, hiyo ni kazi mbovu, ni aibu kwa Idara nzima, na nitakuchukulia hatua leo hii. Unacheka nini? Mke wangu, na wewe unalia nini, mtu anaharibu kazi yangu wewe unamkumbatia dada yako? (Makofi. Ukumbi mzima. Vigelegele. Mchoraji anyanyuliwa juu juu. Fundi Kompyuta ageuza muhtasari wa kikao cha kumi na saba, aanza kuandika nyuma yake mistari ya kwanza ya programu, bila kuomba ruhusa ya mtu.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana. Makofi haya yananipa nguvu. Katika maisha yangu yote ya utumishi sijawahi kupigiwa makofi ya namna hii, na nayapokea kwa niaba ya koti. Semeni pamoja nami: Programu Huria! (Kimya.) Chini ya Ulinzi! (Kimya.) Mwanga kwa Wote! (Sauti ya mwanafunzi mmoja, toka dirishani: "Sogea kidogo, mzee, unatuzibia jua.")

Nasogea. Nasogea, ila iandikwe kwenye muhtasari kwamba nimesogea kwa hiari.